UKURASA WA WALIMU: Wiki nne Mutakura

Mwezi uliopita ukurasa huu haukutoka, na watu walituuliza kwenye bomba la maji: walimu, mumelala? Hatukulala. Tulikuwa Bujumbura, kartie Mutakura, sisi walimu wawili wa kujitolea, wiki nne nzima, na wenzetu ndio walishika madarasa yetu. Tunaeleza leo kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema tulipata kazi mjini, wengine eti tumeitwa kwa ndege ya Canada. Canada bado iko mbali, ndugu zetu.

Tuanze na karatasi. Kabla ya safari, vijana wa sekondari walituletea karatasi ya fotokopi iliyokuwa inazunguka katika mabloku. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: jitolee ng'ambo, saidia watoto waliotolewa utumwani. Chakula bure, malazi bure, pasipoti inatengenezwa, nchi ni ya Uarabuni. Wanatafutwa wasichana tu, miaka 16 mpaka 24. Kujiandikisha ni faranga 50.000. Chini hakuna jina la shirika, hakuna anwani, kuna namba ya simu peke yake.

Vijana walituuliza: walimu, ni kweli? Na sisi tuseme ukweli, siku ile hatukujua la kujibu. Hata sisi tulitamani. Nani hapa kambini hajatamani kuona jina lake kwenye orodha yoyote ile ya kusafiri? Tena kazi yenyewe ni nzuri, kusaidia watoto. Tukaweka karatasi kabatini, tukasema tutauliza.

Wiki iliyofuata wakatuita kutoka Mutakura.

Kuna nyumba moja kule, hatutaitaja jina wala avenyu, maana watoto waliomo wengine bado wanatafutwa na waliokuwa wanawatumikisha. Ni nyumba ya kawaida, geti la bati, mwembe mmoja uani. Wamama wa pale wanapokea watoto waliotolewa katika kazi za nyumbani, mitaani, na wengine mitumbwini. Walikuwa na mtoto wa miaka kumi na tatu anayesema Kibembe na Kiswahili cha kwetu. Kirundi hajui, na wao Kiswahili chao ni cha soko tu. Akasema anatoka kambini, akataja darasa lake, akataja mwalimu wake. Mwalimu wake ni mmoja wetu.

Sasa hapa tunaona haya kidogo. Mtoto huyo alikuwa anakaa benchi la tatu. Mwaka 2025 posho ilipopunguzwa, hakuja tena shuleni, na sisi tuliandika "amehama" mbele ya jina lake, basi. Hatukwenda bloku kuuliza. Watoto wengi waliacha wakati ule, tulikuwa tunaandika "amehama, amehama" mpaka kalamu ikachoka. Shangazi mmoja, ambaye si shangazi wa damu, alimwambia mama yake kwamba Bujumbura mtoto atasoma na atakula mara tatu. Mama akashukuru. Tusimlaumu, sisi wenyewe tungeshukuru.

Kutoka kambini si jambo la kuamka tu na kwenda, munajua wenyewe, lazima bileti ya kutoka. Tulisubiri siku sita. Halafu safari, halafu mjini shida ya mafuta, foleni ya basi za kaskazini ilikuwa ndefu kuliko foleni yetu ya posho, tukamaliza kwa miguu. Mutakura iko zoni ya Cibitoke, komuni ya Ntahangwa, karibu na Kinama. Avenyu zake zina namba, nyumba zimebanana, wamama wanauza ndagala na mkaa mbele ya mageti. Mwaka 2015 watu wengi wa kartie hiyo walikimbia nchi. Wengine wamerudi na kukuta milango yao imeng'olewa. Kwa hiyo mtu akisema "mkimbizi" pale, hawamshangai. Muuza mkaa mmoja alituambia: hata sisi tulikuwa wakimbizi, karibuni.

Na ni muuza mkaa kama huyo aliyemtoa mtoto wetu. Alikuwa anamwona kila asubuhi anakuja kununua makala, siku moja akaona mkono umeungua kwa babula na haukufungwa dawa. Akauliza, mtoto akanyamaza. Akamwambia shefu wa kartie. Shefu akasema ni mambo ya nyumba ya watu. Mama akarudi mara ya pili, mara ya tatu na wamama wenzake, ndipo shefu akaenda na polisi.

Tulijifunza maisha yake pole pole, si kwa kumhoji. Aliamka saa kumi usiku kabla ya majogoo, akafagia uwanja, akawasha babula, akabeba mtoto wa nyumba mgongoni, akafua, na mchana akatembeza mandazi mpaka Cibitoke. Alilala stoo pamoja na magunia. Waliahidi faranga 20.000 kwa mwezi, hakuona hata moja. Kila akiuliza aliambiwa: pesa yako tunamtumia shangazi yako. Jina lake hawakulitumia. Walimwita yaya. Kwetu yaya ni dada mkubwa, mtu wa heshima, anayekutetea njiani. Kule yaya ni mtoto wa kulea watoto wa wengine. Alituambia mwezi wa kwanza alifurahi sana kuitwa yaya.

Sisi tulifika na mabegi ya daftari. Tulitayarisha dikte, tulitayarisha hesabu za mafungu, tulikuwa na programu ya wiki nne imepigwa mistari kwa rula. Asubuhi ya kwanza watoto kumi na mmoja waliketi kwenye mkeka, na kufika saa tatu saba kati yao walikuwa wamelala. Tulianza kuwaamsha. Mama mmoja wa nyumba akatushika mkono akasema: waacheni, hawa wana usingizi wa miaka. Basi wiki ya kwanza kazi yetu ilikuwa kukaa uani na kufukuza nzi.

Waliokuwa macho nao hawakukaa. Mtoto anaandika herufi mbili, anasimama, anakwenda kuosha sahani. Hakuna aliyemtuma. Mwingine, mvulana wa mitumbwi ya Rumonge, alishtuka kila geti lilipogonga. Na mtoto wetu kila mara aliuliza: "Mwalimu, naweza kunywa mayi?" Maji yako pale, kikombe kiko pale. Tulimwambia kunywa tu, usiombe. Kesho yake anaomba tena. Mpaka tunaondoka alikuwa anaomba, ila sasa anaomba akiwa tayari ameshika kikombe.

Kosa letu kubwa lilikuwa wiki ya pili. Walikuja wageni, vijana watano kutoka Ulaya, wa kujitolea, watu wema kabisa. Walileta biskuti, mpira na rangi za kuchorea. Walikuwa na siku kumi. Mmoja akatuomba kupitia mkalimani kwamba mtoto mmoja aeleze maisha yake, wakaandike kwao ili msaada uje. Sisi tukafikiri ni heshima. Tukamsimamisha mtoto wetu, tukamwambia, sema tu, ni marafiki. Akasema. Alisema yote, hata mambo ambayo hakuwa ametuambia sisi, na simu zilikuwa juu zinapiga picha. Alipomaliza watu walipiga makofi.

Siku tatu hakusema neno. Na sisi tulimkwepa macho.

Mama mkuu wa nyumba hakutupigia kelele. Alituambia tu kwamba kule alikotoka walimtumia mikono, na hapa tumetumia mdomo wake. Tangu siku hiyo aliandika kwa chaki nyuma ya geti: hakuna picha, hakuna kuuliza habari za zamani. Hata kaka yenu mmoja, anayependa picha kuliko chakula, aliacha simu kwa mlinzi.

Wale wageni waliondoka siku ya kumi kama walivyopanga. Walilia, watoto wadogo walilia. Mmoja wa miaka sita, aliyekuwa anabebwa siku zote na dada mmoja mwenye nywele nyekundu, alikaa getini siku mbili. Hatusemi hawa vijana wabaya, la. Lakini tulianza kujiuliza ni kazi gani hasa inahitaji mtu avuke bahari kuifanya kwa siku kumi. Kubeba mtoto? Wamama wa Mutakura wana migongo. Baadaye tulikuta kwamba dunia nzima inajiuliza swali hilo. Mwezi wa 12 mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, katika azimio lake juu ya haki za mtoto, ulitaja wazi madhara ya safari za kujitolea katika nyumba za mayatima. Maana kuna nchi ambako watu walianza kutafuta watoto wa kujaza nyumba, kwa kuwa wageni wanalipa ili wawaone. Watoto wenyewe wengi wana mzazi hai. Yaani mtu anaweza kuja kusaidia mtoto aliyeuzwa, kumbe mtoto ameletwa pale kwa sababu yeye anakuja.

Lakini tusiseme mgeni hana faida. Hapa ziwani kwetu habari hii ni ya zamani kuliko kambi zote. Rumonge, kusini mwa Bujumbura, wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki walifika mwaka 1879, wakati watumwa bado walivushwa Tanganyika kupelekwa Ujiji na pwani. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa, na ugomvi ulianzia kwa mtoto waliyekuwa wamempokea, ambaye wenyeji walimdai arudishwe. Wawili walikuwa mapadri. Wa tatu, d'Hoop, hakuwa padri, alikuwa mtu wa kujitolea kutoka Ubelgiji.

Na yuko mwingine tunayempenda zaidi, anaitwa Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, Mali, karibu mwaka 1866. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria, na huko mapadri wakamkomboa. Wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1888 akatumwa huku kwenye ziwa letu, akakaa Karema, upande wa Tanzania, na hakurudi tena. Aliwatibu watu kwa miaka zaidi ya sitini mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliuzwa akiwa mtoto, na yeye ndiye aliyevuka bara zima kuja kuhudumia watu wa nchi ambayo si yake. Alijifunza lugha yao, akaoa kwao, akazikwa kwao. Tulipomsimulia mvulana wa mitumbwi habari hii, aliuliza kitu kimoja tu: mama yake alimpata? Hatukuwa na jibu, tukaendelea na hesabu.

Wiki ya tatu na ya nne zilikuwa nzuri. Tuliacha programu yetu ya rula. Tulifundisha asubuhi saa moja na nusu tu, tukifuata wanachouliza. Walitaka hesabu ya pesa. Wote! Waliotumikishwa wanataka kujua walidhulumiwa kiasi gani. Mtoto wetu alizidisha 20.000 mara tisa, akapata 180.000, akaangalia ile namba muda mrefu. Halafu akasema: "Shangazi amejenga, njo vile." Tulifundisha pia kusoma karatasi kabla ya kuweka kidole. Nani ameandika? Anakaa wapi? Nikitaka kurudi, nani ananirudisha? Hapo ndipo tulikumbuka karatasi yetu iliyoko kabatini, na tukashikwa na baridi.

Basi vijana, jibu lenu ni hili, samahani limechelewa.

Shirika la kweli la kujitolea halitafuti wasichana peke yao wa miaka 16, na halifichi jina. Wageni wa Ulaya waliokuja Mutakura walijilipia tiketi, walikuwa na bima, walikuwa na pasipoti zao mfukoni na siku ya kurudi iliyoandikwa. Wewe unaambiwa pasipoti "inatengenezwa". Kwa jina gani? Mkimbizi akisafiri na pasipoti ya jina la mtu mwingine, siku akipata shida hakuna ubalozi utakaomjua. HCR itamtafuta kwa jina lake, na jina lake halikusafiri. Katika nchi nyingi za Uarabuni mfanyakazi wa nyumbani yuko chini ya mkono wa aliyemleta, mfumo wanaouita kafala. Wasichana wa Burundi wengi walipelekwa Omani, Kuwait na Saudi Arabia na makomisioneri, wakanyang'anywa pasipoti na simu. Mpaka serikali ya Burundi na Saudi Arabia zilitia sahihi makubaliano mwaka 2021 ili safari hizo ziwe na njia inayojulikana. Njia hiyo ni ya raia wenye karatasi. Haipiti katika fotokopi ya kambini.

Burundi ina sheria dhidi ya usafirishaji wa watu tangu tarehe 29 Oktoba 2014. Na mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 yanasema neno ambalo wazazi tulishike: kama ni mtoto chini ya miaka 18, hata akikubali, hata mama akikubali, bado ni kosa la aliyemchukua ili amtumikishe. Kwa hiyo yule shangazi hawezi kusema "mbona walikubali". Mashirika makubwa, pamoja na lile la Kazi Duniani, yalikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 50 walikuwa katika utumwa wa kisasa, na watoto kati yao ni zaidi ya milioni 12. Namba kama hizo hazitushiki sana, tunakiri. Ile 180.000 ndiyo ilitushika.

Sasa neno gumu, na tunajua wengine watakunja karatasi hapa. Tuliporudi tulipita katika mabloku yetu kwa macho mengine. Saa nne asubuhi, wakati shule imejaa, nani anapanga madumu kwenye bomba? Nani anakwenda kuni? Ni mtoto wa marehemu kaka, mtoto tuliyemwokota njiani wakati wa kukimbia, mtoto "tunayemlea". Watoto wa nyumba wako darasani, yeye anashika mtoto mchanga. Hatusemi ninyi ni wauza watu. Tunajua posho haitoshi na mikono inahitajika. Tunauliza tu: analala wapi, anakula pamoja na nani, na mara ya mwisho aliitwa kwa jina lake ni lini? Mmoja wetu aliuliza nyumbani kwake mwenyewe, na jibu halikumfurahisha.

Habari ya mtoto wetu. Mama yake alipata bileti, akaja Mutakura siku tatu kabla ya sisi kuondoka. Hatukuwa pale walipoonana, tulitolewa nje, ndivyo ilivyopasa. Tulisikia kelele, halafu kimya, halafu mtoto akatoka kuuliza kama anaweza kumpa mama yake mayi. Wamerudi pamoja. Kesi ya mwajiri bado iko, na shangazi hajaonekana. Mama alipotukuta kambini alishukuru, halafu akatuuliza: "Sasa, mwalimu, atakula nini?" Tulipeleka swali hilo ofisi ya ulinzi, na familia imeandikwa. Mpaka leo, tunapoandika haya, wanasubiri. Tafadhali majirani, msimuulize mtoto habari za Bujumbura. Muiteni jina lake.

Ile karatasi tumeikabidhi ofisi ya ulinzi pamoja na namba ya simu, ambayo sasa haipatikani. Wasichana wawili walikwisha lipa zile 50.000. Mmoja amekuja kutuambia, asante dada. Wa pili tunamjua, anasema sisi tuna wivu. Mzazi wake anasoma ukurasa huu, tunamwomba aje tuzungumze, hata usiku.

Kwa wale vijana ambao kweli wanataka kujitolea kwa watoto kama hawa: wengi wetu hapa tuko ng'ambo tayari, hatuhitaji ndege. Tunafungua darasa jipya Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, hangari ya pili nyuma ya kanisa, kwa watoto ambao asubuhi hawawezi kuja. Tunahitaji watu watano wanaojua kusoma na kuandika, na ambao watakuja mwezi mmoja bila kukosa. Motisha hakuna, tunasema mapema. Daftari ziko ishirini na sita. Mtoto aje hata na dumu lake, hata na mdogo wake mgongoni, tumepanga mkeka mmoja pembeni kwa ajili ya wachanga.